Simu Kando ya Kitanda

Tuseme kijana wako wa miaka 22 amerudi nyumbani Puge kutoka hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, alikotibiwa saratani, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Majirani wamekuja, wamempa pole, wamerudi mashambani. Jioni wamwuliza: "Mwanangu, umekula?" Anajibu: "Nimekula, baba." Wamwuliza dawa, asema amemeza. Je, umepata kumwuliza kama ana hofu?

Huenda umeogopa, wala si wewe peke yako. Sisi wazazi twadhani tukilitaja jambo tutamzidishia uchungu, naye hunyamaza asije akatuhuzunisha. Basi watu wapendanao hukaa nyumba moja, kila mmoja na hofu yake. Tena mawazo ya kijana si ya mzee. Mzee amekwisha kuona wajukuu. Kijana hujiuliza: Mchumba atanisubiri? Dawa hizi zitaniachia uwezo wa kuzaa? Nywele zimenitoka, wenzangu watanionaje?

Madaktari wanaowatunza wenye maradhi mazito wanayo orodha ya maswali 10 iliyotungwa kwa ajili ya Afrika. Maswali 7 ni ya mgonjwa, na 3 ni ya yule anayemwuguza. La kwanza ni la maumivu, lakini tazama mengine: Kwa siku 3 zilizopita umekuwa na wasiwasi juu ya ugonjwa wako? Umeweza kuwaeleza jamaa au rafiki yaliyo moyoni? Umeona kuishi kuna maana? Una amani? Kila jibu hupewa alama, tangu 0 hata 5, kama vile muuguzi aandikavyo homa.

Wataalamu wa Ocean Road, pamoja na wenzao wa Muhimbili na wa Marekani, waliyatia maswali hayo katika programu ya simu iitwayo mPalliative Care Link. Habari za kuitengeneza zilichapishwa mwaka 2021. Katika majaribio, mgonjwa aliyekwisha kurudi kwao aliulizwa hali yake kwa simu, na majibu yakaonwa na daktari bingwa mjini na mhudumu wa afya wa karibu naye. Wagonjwa wengine walipigiwa tu simu. Hilo ndilo lituhusulo zaidi, maana kupigiwa kwatosha hata simu ya kitochi. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea yapata miezi 3 toka Bagamoyo hata Tabora, na mama aliyebaki nyumbani hakusikia neno. Leo sauti yapita njia ile ile kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo, siku ya kuruhusiwa, usitoke wodini kabla ya kuomba namba ya simu na saa za kupiga. Iandike kwenye kadi ya matibabu, maana simu huibwa. Akiwa bado hajaanza dawa, na aulize habari ya kuzaa mapema. Baada ya dawa pengine ni kuchelewa.

Lakini simu hiyo hiyo huleta na waongo. Atapata ujumbe kwamba unga wa mizizi waondoa saratani kwa siku 7, atume fedha leo. Kijana aliyekata tamaa huamini upesi, akaacha matibabu. Usimgombeze, mpigieni muuguzi pamoja. Wala picha yake akiwa amekonda usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila idhini yake, hata kama wataka achangiwe nauli.

Na ukimwona ameketi chini ya mwembe, simu sikioni, akicheka na mwenzake waliyelazwa wodi moja, usimwambie aweke sauti kubwa nawe usikie. Usimwite kufungia ng'ombe. Mtume mdogo wake.