Nyasi za Kiwanja Hukatwa Mara Ngapi?

Watu wa Lubumbashi hukiita kiwanja cha nyumba lupango. Ndani ya lupango mna jiko la nje, kamba ya kuanikia nguo, mwembe mmoja au miwili, na mara nyingi nyasi. Nyasi zikiwa fupi, watoto huzichezea. Zikiachwa, nyoka hujificha humo. Makopo na vyungu vilivyovunjika hupotea ndani yake, hujaa maji ya mvua, na mbu hutaga mayai.

Basi baba mmoja hushika jembe na kusema: «Kwa nini nijisumbue kukata kila juma? Nitang’oa zote, ubaki udongo mtupu.» Mama hafikiri ni vibaya, maana udongo mtupu hufagiliwa kwa urahisi. Lakini mvua inakuja. Lubumbashi hupata milimita 1200 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Matone makubwa huupiga udongo, maji huuchukua mpaka barabarani, na baada ya miaka michache mawe ya msingi wa nyumba huonekana nje kama meno ya mzee. Huko Bukavu, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya milima, hatari ni kubwa zaidi. Udongo ukiondoka, nyumba nayo yaweza kuporomoka. Mizizi ya nyasi ndiyo inayoushika udongo mahali pake.

Kwa hiyo nyasi zibaki, lakini zikatwe. Mara ngapi? Mtu akijibu: «Kila Jumamosi», amekosa kwa nusu ya mwaka.

Ng’oa unyasi mmoja, uutazame. Mwembe hukua kwa ncha za matawi yake. Unyasi si hivyo. Mahali pake pa kukulia ni chini, karibu kabisa na udongo. Ndiyo sababu mbuzi hula nyasi leo, na baada ya siku chache hurudi kuzikuta tena. Lakini majani ya unyasi yana kazi kubwa: ndiyo jiko lake. Hupokea mwanga wa jua na kupika chakula cha mizizi. Ukiyakata yote mara moja, mizizi hulala njaa. Mingine hufa, udongo huonekana, na magugu hupata nafasi.

Watunza bustani wanayo kanuni yao: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Hata mtoto aweza kupima kwa vidole. Vidole vinne vya mtu mzima vikishikamana vina upana wa sentimeta 7 hivi. Nyasi zikifika vidole sita, zikate zibaki vidole vinne. Zikiwa bado hazijafika, weka fyekeo chini, hata kama ni Jumamosi.

Mwezi wa Januari mvua ni nyingi na jua ni kali. Nyasi hufika vidole sita kwa juma moja, pengine kwa siku kumi. Anayekwenda safari na kurudi baada ya mwezi huzikuta zimefika magotini. Huyo asizikate zote siku ile ile. Apunguze kidogo, angoje siku chache, kisha apunguze tena.

Unyasi ule mnene uitwao pasipalumu, uliotoka Amerika, una desturi yake. Hutoa mashina ya mbegu yenye matawi mawili juu, kama panda ya manati. Mashina hayo hurefuka upesi kuliko majani. Basi usipime mashina, pima majani.

Ungoje umande ukauke. Nyasi zenye maji huteleza, na fyekeo huweza kuupiga mguu wa mwenye kukata. Watoto wadogo wakae mbali, kwa sababu mawe huruka. Fyekeo linolewe vizuri. Lililo butu huchana majani wala haliyakati, na kesho yake ncha zote ni za rangi ya udongo.

Katika Aprili mvua hupungua. Sasa majuma mawili hupita, halafu matatu, kabla ya kukata tena. Mei huja kazi moja isiyofaa kusahauliwa. Katika kiangazi nyasi za porini hukauka, watu huwasha moto kusafisha mashamba au kuwinda, na upepo huusukuma moto mpaka kwenye nyumba. Nyasi ndefu zilizokauka chini ya ukuta ni njia ya moto. Paa la nyasi hapo haliponi. Basi kabla hazijakauka, kata zile ndefu zote kuizunguka nyumba, mpaka nyuma ya choo na kando ya ua. Zilizokatwa zikusanywe na kupelekwa mbali. Wengine huziacha katika chungu kando ya ukuta, na hapo wameuandalia moto kitanda.

Toka Juni mpaka Septemba fyekeo hupumzika. Mvua hakuna, na usiku wa Julai baridi huweza kushuka chini ya digrii 10. Nyasi hugeuka rangi ya majani makavu ya mahindi, lakini mizizi ingali hai. Kuzikata sasa ni kuwaonea wagonjwa.

Huko Bukavu kiangazi ni kifupi, toka Juni mpaka Agosti tu, kwa hiyo fyekeo hurudi kazini mapema. Huko Kisangani mvua hunyesha karibu miezi yote, na fyekeo halipati likizo ndefu.

Lubumbashi mvua za kwanza hurudi Oktoba. Siku chache baadaye ncha za kijani hutokea chini ya nyasi zilizokauka. Ziache. Zikifika vidole sita, ndipo zikatwe kwa mara ya kwanza.