Sikio Litokalo Usaha Lina Dawa

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakisema juu ya watu wakaidi wasioonyeka, wala si juu ya masikio ya watoto. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mtoto huachwa miezi mingi usaha ukimtoka sikioni, na watu husema kwamba ni jambo la utoto, litakoma lenyewe akikua. Dhana hiyo ni ya hatari, maana maradhi hayo yakiachwa huweza kumtia mtoto uziwi, au hata kumwua.

Mwisho wa tundu la sikio pana ngozi nyembamba iitwayo kiwambo. Nyuma yake pana chumba kidogo, na kutoka chumba hicho mrija mwembamba huteremka mpaka nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mfupi, tena umelala kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mtoto akishikwa na mafua, vijidudu hufika sikioni kwa urahisi. Usaha hujaa na kukisukuma kiwambo, na mtoto huumwa sana. Mara nyingine kiwambo hutoboka, usaha ukatoka nje na maumivu yakapungua. Mzazi hudhani kwamba mtoto amepona, kumbe sasa kiwambo kina tundu.

Mtoto mchanga hawezi kueleza maumivu yake. Dalili zake ni homa, kulia usiku, kukataa kunyonya, na kulivuta sikio. Naye mtoto wa shule asiyeitika aitwapo, huenda akaitwa mvivu au mtukutu, kumbe hasikii. Yafaa masikio yake yatazamwe kabla ya kuadhibiwa.

Usaha ambao haujatimiza siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza itolewayo katika zahanati. Dawa hiyo yapasa kumalizwa, hata mtoto akionekana kupona. Usaha uliodumu siku 14 au zaidi hutibiwa kwa kulikausha sikio mara tatu kila siku, kisha kutia matone ya dawa yaliyoamriwa na daktari. Kitambaa safi cha pamba husokotwa kama utambi, hutiwa sikioni taratibu mpaka kilowe, kisha hutolewa na kutiwa kingine, hata kitoke kikavu. Kitambaa kisiachwe ndani, wala mtoto asiogelee mpaka apone.

Mafuta, maziwa au maji ya majani yasitiwe kamwe katika sikio litokalo usaha. Njiti za kiberiti na manyoya ya kuku yasitumiwe kuchokoa sikio, maana huweza kutoboa kiwambo. Nta ya sikio hulilinda, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Mdudu akiingia katika sikio lisilo na ugonjwa, matone machache ya mafuta ya kula yasiyo moto humwua, kisha mhudumu wa zahanati humtoa. Lakini punje ya haragwe isitiliwe maji, kwa kuwa itavimba na kukwama. Betri ndogo ya saa huunguza nyama ya sikio kwa muda wa saa chache tu. Mtoto mwenye nayo akimbizwe hospitali mara moja.

Dalili moja haingoji kesho, nayo ni uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio. Huonyesha kwamba maradhi yameingia mfupani, na kutoka hapo yaweza kufika kwenye ubongo. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Kinga ni bora zaidi. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama, asinyweshwe chupa akiwa amelala chali, wala asikae penye moshi wa jikoni au wa sigara. Tena apate chanjo zake zote, pamoja na ile ya kuzuia numonia ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2011, kwa sababu vijidudu inavyovizuia huleta pia maradhi ya sikio. Sikio likitunzwa mapema, dawa hulisikia.