MTOTO ALIYEZALIWA NA MDOMO ULIOPASUKA

Mama mmoja alifika hospitalini na mtoto wa majuma matatu. Alikuwa amemfunika uso kwa kitambaa tangu kijijini. Tulipokifunua tuliona mdomo wa juu umepasuka mpaka kwenye pua. Lakini si mpasuko uliotutia hofu. Tulipomweka kwenye mizani, alikuwa mwepesi kuliko siku ya kuzaliwa. Watu walimwambia mama kwamba mtoto wa namna hii haishi, kwa hiyo hakuna aliyemwonyesha namna ya kumnywesha. Njaa ndiyo iliyotaka kumwua, si mdomo.

Inafaa kila mzazi ajue maneno haya.

NAMNA USO UNAVYOFANYIKA

Uso hautokei mara moja kama kitu kizima. Katika mwezi wa kwanza na wa pili wa mimba, vipande vidogo vya nyama laini vinaota kuzunguka mahali pa kinywa. Vingine vinatoka upande wa mashavu, vingine vinashuka kutoka juu pamoja na pua. Vinakua kuelekeana mpaka vinakutana na kushikamana. Kufika juma la saba hivi mdomo wa juu umekwisha kufungwa. Wakati ule mtoto hajafika urefu wa kidole gumba, na wamama wengine hawajajua bado kwamba wana mimba.

Weka kidole chako chini ya pua. Utasikia kijifereji, na tuta dogo kila upande wake. Karibu na hapo ndipo vipande vya mdomo wako viliungana.

Paa la kinywa linafuata. Vipande viwili vinaning'inia kwanza kandokando ya ulimi. Halafu vinainuka, vinalala juu ya ulimi, na kuungana katikati toka mbele kwenda nyuma. Kazi hii inakwisha katika mwezi wa tatu. Pitisha ulimi juu ya kinywa chako, utasikia mstari wa maungio.

Kama vipande havikukutana kwa wakati wake, nafasi inabaki wazi. Pengine ni mdomo tu, pengine paa tu, pengine vyote viwili. Pengine ni upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, pengine pande zote mbili. Ulimwenguni kote, karibu mtoto mmoja katika kila 1,000 anazaliwa hivi, kwa matajiri na kwa maskini, katika kila taifa.

NANI AMEKOSA?

Wanafunzi wa Yesu walimwuliza neno hili juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye hakukubali kwamba ni dhambi yake wala ya wazazi wake. Soma Yohana sura ya 9. Basi tusimtupie mama lawama, wala tusitafute mchawi.

Mara nyingi sababu moja haionekani. Hali hii inaweza kufuata ukoo. Tumbako na pombe wakati wa mimba zinaongeza hatari, hata na dawa fulani za kifafa. Lakini mama mwenye kifafa asiache dawa yake mwenyewe; amwone munganga kabla ya kuchukua mimba. Mama ale vizuri: maharagi, lengalenga, na majani mengine ya kijani. Ameze pia vidonge anavyopewa kwenye kliniki.

NAMNA YA KUMLISHA

Paa likiwa wazi, hewa inapita puani na mtoto hawezi kuvuta ziwa kwa nguvu. Anahangaika, anachoka, analala na njaa. Fanya hivi:

1. Kama ni mdomo tu uliopasuka, mjaribu kwenye ziwa. Mara nyingi ziwa lenyewe linaziba nafasi.
2. Kama paa limepasuka, kamua maziwa yako katika kikombe kilichochemshwa.
3. Mketishe mtoto wima. Usimlaze chali.
4. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kwa ukingo wa kikombe. Ngoja ameze kwanza. Maziwa yakitoka puani usiogope. Pumzika, kisha endelea.
5. Mweke begani acheue hewa.
6. Mpime kila juma. Kama uzito hauongezeki, mlete upesi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Usikubali mtu yeyote kumkata kwa wembe au kutia dawa ya kienyeji katika nafasi ile. Kingo zake zimefunikwa na ngozi, haziwezi kushikana zenyewe. Munganga anampa mtoto dawa ya usingizi, anafungua kingo zile, anaunganisha nyama ya ndani inayochezesha mdomo, mwisho anashona ngozi.

Mdomo unashonwa mtoto akiwa na miezi mitatu au zaidi, na kilo 5 hivi, na damu ya kutosha. Ndiyo maana kunywesha ni kazi ya kwanza: mama anamtayarisha mtoto kwa ajili ya kisu. Paa la kinywa linashonwa baadaye, karibu na mwaka mmoja, kabla hajazoea kusema vibaya kwa puani. Masikio yake yaangaliwe pia, kwa sababu watoto hawa wanaugua masikio mara nyingi.

Alama ndogo itabaki. Wengine watahitaji kufundishwa kusema, au kutengenezwa meno. Tena hata mtu mzima anaweza kushonwa. Kama yuko ndugu kijijini kwenu anayeficha uso wake kwa mkono, mwambie habari hii.

Mama yule alikaa nasi, akajifunza kijiko na kikombe. Mtoto aliongeza uzito juma kwa juma mpaka akafikia kipimo, akashonwa. Siku ya kurudi nyumbani alibebwa bila kufunikwa uso.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mpasuko si laana.
Mnyweshe mtoto, umpime, usimfiche.
Mlete hospitalini siku za kwanza, usingoje akonde.