Seli Zilizojenga Meno ya Arusha

Ukitokea Arusha na ukacheka mbele ya wenzako wa mikoa mingine, kuna swali utaulizwa kabla hata hujataja kozi unayosoma: mbona meno yenu yako vile? Wenyewe tumeshazoea. Kuna anayejibu kwa utani, na kuna anayefunika mdomo kwa kiganja kila akicheka. Mimi ni mwenyeji wa Moshono, nasoma ualimu, na naona swali hilo linastahili jibu zima. Jibu lenyewe limo kwenye mada ambayo wote tuliikariri kidato cha kwanza, tukachora mchoro, tukaweka mishale, tukapata alama zetu na kuisahau: muundo wa seli.

Tuanze na maji. Mlima Meru ni volkano, na miamba ya volkano katika ukanda huu wa Bonde la Ufa ina madini ya floraidi kwa wingi. Mvua ikinyesha, maji yanapenya ardhini na kupita kwenye miamba hiyo. Yakija kutokea kwenye chemchemi au kisimani, yameshabeba floraidi. Huioni kwa macho, wala haina harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vinavyozunguka Meru vinavuka hapo, vingine mara kadhaa. Ongeza na magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka, nayo yana floraidi yake.

Sasa, floraidi kidogo inaimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Tatizo ni ikizidi, tena ikizidi kwa mtoto. Mtu mzima akihamia Arusha leo na kunywa maji hayo hayo miaka kumi, meno yake hayatabadilika rangi kwa namna ile. Kwa nini? Hapo lazima tuingie ndani ya seli.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome kwa hadubini, akaona vyumba vidogo vidogo, akaviita seli. Vilikuwa vyumba vitupu, maana gome lile lilishakufa. Seli hai ina shughuli nyingi ndani. Tuchukue moja inayotuhusu: inaitwa ameloblasti, na kazi yake ni kujenga enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino.

Ameloblasti imezungukwa na utando wa seli, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani kuna sitoplazimu, na humo zimo ogani zote. Kiini kinatunza vinasaba, yaani maelekezo ya kazi. Karibu kila seli ya mwili wako ina maelekezo yale yale, ila kila moja inasoma kurasa zinazoihusu. Seli ya ini haisomi ukurasa wa enameli, ameloblasti inausoma. Maelekezo yakitoka kwenye kiini yanafika kwenye ribosomu, ambazo zinaunganisha protini. Protini hizo zinakunjwa vizuri kwenye mtandao wa endoplazimu, zinapita kwenye vifuko vya Golgi kufungashwa, kisha zinasafirishwa hadi kwenye utando na kumwagwa nje. Nguvu ya kazi hiyo yote inatoka kwenye mitokondria, zinazovunja sukari kwa msaada wa oksijeni.

Protini zikishatoka nje ya seli, zinakuwa kama mbao ambazo fundi anazisimamisha kabla ya kumwaga zege. Fuwele za madini ya kalsiamu na fosfeti zinaanza kujipanga humo. Baadaye ameloblasti inatoa vimeng'enya vya kuzikatakata zile protini ili ziondolewe, na nafasi yake ijazwe madini. Kazi ikienda sawa, enameli iliyokamilika inakuwa na madini karibu asilimia 96 ya uzito wake. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini.

Floraidi ikizidi, inavuruga hatua hiyo ya mwisho. Seli inaelemewa, protini zinachelewa kuondoka, na madini hayajai sawasawa. Enameli inabaki na vitundu vidogo sana ndani yake. Jino linaota likiwa na mabaka meupe kama chaki, halafu kadiri miaka inavyokwenda vile vitundu vinanyonya rangi, na mabaka yanageuka kahawia. Kitaalamu hali hii inaitwa flurosisi ya meno.

Sasa jambo la kuzingatia: ameloblasti zikimaliza kujenga, zinakufa na kupotea jino linapoota. Fundi ameondoka na funguo. Enameli haina seli hai ya kuirekebisha, ndiyo maana hata ukihamia Dar na kunywa maji safi, mabaka yanabaki. Na kwa kuwa meno ya ukubwani, ukiacha magego ya mwisho, yanajengwa ndani ya fizi tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, madhara yanapatikana katika umri huo. Mifupa ni tofauti. Seli zake zinaendelea kuvunja na kujenga maisha yote, hivyo floraidi nyingi kwa miaka mingi inaweza kuumiza hata mifupa ya mtu mzima.

Kwa sisi tunaokwenda kushika chaki, jambo hili lina uzito. Nimeshuhudia mwalimu akimsimamisha mtoto mbele ya darasa na kumwambia akapige mswaki. Mtoto yule alipiga mswaki asubuhi. Rangi ile iliingia kabla hajajua kusoma, na hakuna mswaki unaofika huko. Ukimwaibisha, unampa somo moja tu: afunge mdomo, hata pale anapojua jibu.

Kuna cha kufanya. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, hivyo inakolea zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo Maji ya Chai, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alibuni chujio la Nanofilter na mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi. Maji ya mvua nayo hayajapita kwenye miamba, kwa hiyo yakikingwa kwa usafi yanafaa. Kama maji salama nyumbani ni ndoo moja tu, mpe kwanza mtoto chini ya miaka minane, ayanywe na apikiwe uji kwayo. Ameloblasti zake bado ziko kazini.