Saratani ya Pili kwa Wanawake Waliotibiwa Saratani ya Titi: Mtazamo kutoka Bonde la Kilombero

Mwanamke wa Ifakara aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilometa 400 kurejea nyumbani, akihofia jambo moja: ugonjwa kurudi. Hofu hiyo ina msingi, ila hufunika jambo jingine. Saratani iliyojirudia ni ile ile ya awali, hata ikijitokeza kwenye mfupa au ini. Saratani ya pili ni ugonjwa mpya, wenye tiba yake. Kwa hiyo uvimbe mpya hauna budi kukatwa kipande na kupimwa maabara, badala ya kudhaniwa kuwa ni ule wa zamani.

Mara nyingi saratani mpya huzuka katika titi la upande wa pili. Baadhi ya wanawake wamerithi hitilafu katika jeni za BRCA1 au BRCA2, ambayo huhatarisha titi hilo pamoja na ovari. Hali hii hushukiwa pale mama, dada au shangazi walipougua wangali vijana. Matibabu nayo yana sehemu yake. Mionzi huweza kuchochea saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, hususan kwa wavutaji sigara. Tamoksifeni, inayomezwa kwa miaka 5 hadi 10, huongeza uwezekano wa saratani ya mji wa mimba, hasa kwa waliokoma hedhi.

Hata hivyo, hatari hii isikuzwe. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2025, uliohusu wanawake wapatao 476,000, ulionesha kuwa katika miaka 20 takribani 14 kati ya kila 100 walipata saratani nyingine isiyo ya titi, yaani wawili hivi tu zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanawake kwa jumla. Anayeacha tamoksifeni kwa hofu hiyo hukimbia hatari ndogo na kuikaribisha kubwa.

Takwimu hizo ni za Uingereza. Nchini Tanzania saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya shingo ya kizazi, isababishwayo na virusi vya HPV wala si na tiba ya titi, na aliyetibiwa titi hakukingwa nayo. Dalili yake mojawapo, kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, ndiyo pia dalili ya saratani ya mji wa mimba. Msimu wa kilimo, familia nyingi za bondeni huhamia kwenye madungu katika mashamba ya mpunga, mbali na zahanati, na dalili isiyouma huachwa hadi mavuno.

Aidha, kipimo cha siki kinachotumika vituoni huonesha shingo ya kizazi pekee. Anayetokwa damu huku akimeza tamoksifeni, au aliyewahi kuimeza, hana budi kumweleza mhudumu habari hiyo, ili mji wa mimba nao uchunguzwe hata kama majibu ya siki ni mazuri.