Kipuri ni Vipimo: Kuhuisha Pikapu Kongwe kwa Gharama Nafuu

Aghalabu gari kuukuu haliuawi na uzee wa chuma chake, bali na ukosefu wa kipuri kimoja. Pikapu iliyobeba maziwa, kabichi na saruji kwa miongo kadhaa huegeshwa chini ya mwembe kwa sababu ya beringi moja au sili moja ya oili. Kuku hutaga ndani yake, na mwenyewe hukata tamaa kwa kuwa ameambiwa dukani kwamba vipuri vya gari hilo havitengenezwi tena. Katika makala hii tutaonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosalia imo katika masomo ya fizikia na hisabati ya shule ya sekondari.

Gari la mfano wetu

Tuchukue mfano wa Peugeot 404. Gari hili la Kifaransa lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, nalo lilijipatia sifa kubwa katika nchi zetu kwa kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kule Ulaya gari dogo la aina hiyo liliacha kutengenezwa mwaka 1975, lakini nchini Kenya pikapu zake ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Ndiyo sababu mabaki yake yangali yanaonekana mashambani na katika nyua za gereji.

Mtu anayetaka kuihuisha pikapu kama hiyo huingia dukani akiuliza kipuri kwa jina la gari. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mashine haijui majina. Ekseli haitambui kama beringi iliyoishika ilinunuliwa kwa ajili ya gari la Kifaransa au kwa ajili ya pampu ya maji. Inachotambua ni kipenyo, unene, ugumu na mwanya. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani na fedha, mwenye gari yampasa kutoka na karatasi yenye vipimo.

Namba zinazosema

Beringi nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa. Mathalani, beringi iliyochongwa namba 6205 ubavuni mwake ina maana hii: tarakimu 6 huonyesha kuwa ni beringi ya gololi za safu moja, tarakimu 2 huonyesha mfululizo wa ukubwa, na tarakimu mbili za mwisho, 05, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, yaani milimita 25. Kipenyo chake cha nje ni milimita 52 na unene wake ni milimita 15, popote duniani ilikotengenezwa. Kanuni hii ya kuzidisha kwa 5 huanzia 04. Chini ya hapo, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17.

Herufi zinazofuata namba nazo zisipuuzwe. ZZ ni beringi yenye vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ina vifuniko vya mpira. C3 ina mwanya mpana zaidi wa ndani, ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kinapopata joto. Sili za oili pia husomeka hivyo hivyo: 35-52-7 ni sili ya shafti ya milimita 35, inayokaa katika tundu la milimita 52, na upana wake ni milimita 7.

Mwenye kuzifahamu namba hizi hafungwi tena na duka moja. Anaweza kuipata beringi yake kwa muuza vipuri vya pampu, vya mashine za kusaga au vya pikipiki. Hata hivyo si kila beringi ya gari hufuata vipimo vya kawaida, maana baadhi zilibuniwa na mtengenezaji kwa matumizi yake mwenyewe. Kwa hiyo soma namba, kisha pima.

Hatari ya kufanana

Vitu viwili vinaweza kufanana machoni na kutofautiana kazini. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, nayo bolti ya milimita 8 inakaribia kabisa kuwa sawa nayo. Lakini hatua ya hesi, yaani umbali kutoka jino moja hadi jingine, hazilingani: hesi nene ya Kimarekani ina meno 18 katika inchi moja, sawa na hatua ya milimita 1.41, ilhali hatua ya kawaida ya bolti ya milimita 8 ni 1.25. Baada ya mizunguko minne tu, tofauti hufikia milimita 0.64, yaani nusu ya hatua nzima. Hapo bolti hukwama, na fundi asiye na subira akiilazimisha kwa spana ndefu, huyanyoa meno yote. Peugeot hutumia hesi za milimita, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huweza kukutwa na bolti za kila ukoo. Njia ya kuzitambua ni rahisi: pima urefu wa hatua kumi za hesi kwa kalipa ya venia, kisha gawanya kwa kumi.

Pistoni nazo zina funzo lao. Injini ya 404 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618 ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 84 na mwendo wa pistoni wa milimita 73. Peugeot 504, iliyotolewa mwaka 1968, ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1,796. Kipenyo chake ni kile kile, milimita 84, lakini mwendo wa pistoni ni milimita 81. Je, kipenyo kikiwa sawa, pistoni zitabadilishana? Kipenyo peke yake hakitoshi kulijibu swali hilo. Hapana budi kupima pia kipenyo cha pini na umbali kutoka katikati ya pini hadi kichwani mwa pistoni. Umbali huo ukizidi kwa milimita chache, pistoni huweza kugonga vali. Ukipungua, mgandamizo hushuka na nguvu za injini hupotea.

Kwa bahati njema, silinda za injini hizi ni mirija ya chuma cha kusubu inayoweza kuchopolewa. Zikilika, hubadilishwa pamoja na pistoni zake bila kuchonga upya bloku nzima.

Njia tatu za kupata kipuri

Njia ya kwanza ni kununua kwa namba, kama tulivyoeleza. Njia ya pili ni kutafuta gari ndugu. Mara nyingi ni nafuu kununua gari zima lililokufa kuliko kununua mlango, giaboksi na kabureta kimoja kimoja. Maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi na ya Gerezani jijini Dar es Salaam huuza pia vipuri vilivyotumika. Anayekwenda huko na achukue kipuri chake cha zamani, kalipa na karatasi ya vipimo.

Njia ya tatu ni kutengeneza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika nchini Tanzania, mafundi wengi walilazimika kukereza wenyewe vitu vilivyokuwa vikiagizwa kutoka ng'ambo. Ujuzi huo haukupotea. Bushi ya bronzi, spesa, kishikizo cha injini au bomba la moshi ni kazi ya kawaida kwa mkerezaji na mchomeleaji stadi. Jambo la kukumbuka ni moja: usimpe mkerezaji kipimo cha mahali palipolika. Pima ncha ambayo haikusuguliwa, kwani huko ndiko kipimo cha asili kilikohifadhika. Ukiiga kipuri kilicholika, utapata kipuri kipya kilichozeeka tangu siku ya kuzaliwa.

Mahali pasipo na unafuu

Yote tuliyosema yana mpaka, na mpaka huo ni breki na usukani. Tuseme pikapu na shehena yake zina kilo 2,000, nazo zinakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Nishati-mwendo yake, ambayo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, ni takriban jouli 494,000. Hiyo ni sawa na nishati ya gari hilo hilo likiangushwa kutoka kimo cha mita 25. Breki hazina budi kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto katika sekunde chache. Hapa kipuri cha kubahatisha huweza kumgharimu maisha dereva, au mtoto avukaye barabara.

Kwa hiyo vikombe vya mpira vya silinda za breki vinunuliwe vipya, vyenye kipimo sahihi, na kamwe visioshwe kwa petroli wala kujazwa oili ya injini, maana mpira wake huvimba na kuharibika. Viungo vya usukani vilivyopasuka visichomelewe. Aidha, laini za breki za magari ya zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Vumbi hilo lisipulizwe kwa pumzi wala kwa hewa ya kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Fedha iliyookolewa kwenye beringi na bushi na itumike hapa.

Zoezi kwa wanafunzi

Walimu wa fizikia wanaweza kuomba gereji iliyo karibu iwape beringi tano zilizotupwa. Wanafunzi wazioshe, wasome namba zake, wakadirie kipenyo cha tundu kwa kanuni ya kuzidisha kwa 5, kisha wakihakikishe kwa kalipa. Halafu wachukue bolti kumi zisizojulikana wazipange kwa kipenyo na kwa hatua ya hesi. Mwisho wakokotoe ujazo wa injini mbili tulizozitaja na kulinganisha majibu yao na yale ya makala hii.

Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo atakapomsikia jirani akiambiwa kwamba kipuri chake hakipo tena duniani, atakuwa na swali la kumuuliza kabla hajaliuza gari lake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: "Mzee, umekipima?"