Steki haitaki viungo kumi: Chagua jani moja, ujue na wakati wake

MWISHO wa mwezi umefika, mfuko umepata uhai kidogo na umeapa kwamba leo hupiki sukuma wiki. Umepitia kwa buchari ukabeba nusu kilo ya steki. Kwa bei ya nyama ya siku hizi, hiyo nusu kilo si mchezo. Kwa kijana anayelipia bedsita na bado ana nauli ya kesho ya kufikiria, hiyo ni pesa ya mboga ya siku kadhaa.

Sasa uko jikoni. Unafungua kabati na kutoa kila kilichomo: unga wa kari, masala ya pilau, kitunguu saumu cha unga, tangawizi, na ile chupa ya majani makavu uliyonunua supamaketi kwa sababu uliona mpishi fulani akiyatumia kwenye video. Unamwaga vyote juu ya nyama, unawasha gesi, unasubiri. Dakika kumi baadaye, nje pameungua, ndani pagumu kama soli ya kiatu, na mdomoni kuna uchungu ambao hata huwezi kusema umetoka wapi.

Ukweli ni kwamba steki nzuri huhitaji vitu vichache sana. Na kwa upande wa majani ya viungo, kuna kanuni moja tu ya kushika: jani gumu huenda motoni pamoja na mafuta, jani laini hungoja nyama itoke motoni.

Na usidhani hili ni jambo la kigeni. Umelijua tangu utotoni. Ni lini umewahi kuona dania ikichomwa pamoja na nyama pale kwenye jiko la nyama choma? Hukatwa mbichi, ikachanganywa na nyanya, kitunguu na pilipili, ikaletwa mezani ikiwa kachumbari. Wachoma nyama wetu walishalijua somo hilo zamani.

Magumu na laini

Chukua tawi la rozimari ulishike. Majani yake ni membamba kama sindano, magumu, na ukiyafikicha vidole vinabaki na harufu hadi jioni. Thaimu ina majani madogo sana, lakini nayo ni ya kundi hili, pamoja na oregano. Majani haya yana mafuta yenye harufu kali yanayostahimili joto, na harufu hiyo huyeyuka ndani ya mafuta ya kupikia au siagi. Ndiyo sababu ukiyaweka kwenye siagi moto, jikoni kote hunukia ndani ya nusu dakika.

Kundi la pili ni dania, paseli, nanaa na mrehani. Haya ni majani laini yenye maji mengi. Harufu yake ni nyepesi na hupotea haraka joto linapopanda. Ukiyatia kwenye kikaangio chenye moto mkali, unabaki na kitu cheusi kisicho na ladha. Ukiyanyunyiza juu ya nyama iliyokwisha kuiva, yanaamka kwa ule uvuguvugu na kukata uzito wa mafuta.

Sasa utachagua lipi? Kama unataka steki ya siagi na kitunguu saumu, shika rozimari, lakini kwa mkono mwepesi, kwani jani hili likizidi, nyama hunuka kama sabuni ya kuogea. Tawi moja la urefu wa kidole linatosha nusu kilo. Kama hupendi harufu kali, thaimu ni mpole na inaelewana vizuri na pilipili manga. Dania ni rafiki wa ndimu na pilipili mbichi. Mrehani unapenda nyanya. Nanaa nayo hufaa zaidi nyama ya mbuzi au kondoo, ingawa kidogo ndani ya kachumbari haiharibu kitu.

Kabla hujamwalika mtu, muulize kuhusu dania. Kuna watu ambao kwao jani hilo lina ladha ya sabuni kabisa, na hawasumbui. Wanasayansi wamelihusisha jambo hilo na jeni zinazohusika na kunusa.

Kama una majani makavu tu, usikate tamaa. Kijiko kimoja cha majani makavu ni sawa na takriban vijiko vitatu vya mabichi. Rozimari, thaimu na oregano hukauka vizuri na kubaki na nguvu. Dania na paseli zikikaushwa hubaki rangi tu, kwa hivyo usipoteze pesa hapo.

Anza kwa buchari

Hakuna jani litakalookoa nyama iliyokatwa vibaya. Ukisema tu "nipe steki", mara nyingi utapimiwa mnofu uliokatwakatwa vipande vya mchuzi. Mwombe muuzaji akupe sarara, yaani nyama ya mgongoni, au fileti kama mfuko unaruhusu. Mwambie akate kipande kimoja kinene cha takriban sentimita mbili na nusu, na asikikatekate. Angalia pia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuwa na mabuu ya tegu yaliyojificha ndani ya msuli, na hayo hayaonekani ukiwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Kama nyama ni ngumu na pesa ya fileti hakuna, jifunze kutoka kwa wapishi wa mishikaki wa Pwani: papai bichi. Papai lina kimeng'enya kinachoitwa papeni ambacho huvunja nyuzi za nyama. Kwaruza kijiko kimoja kikubwa cha papai bichi kwa nusu kilo, paka, subiri nusu saa, kisha ufute. Usilaze usiku kucha, la sivyo asubuhi utakuta uji wa nyama.

Kwenye moto

Tia chumvi nusu kijiko cha chai kwa kila robo kilo, dakika 40 au zaidi kabla ya kupika. Mwanzoni utaona maji yakitoka. Usiogope, baadaye nyama huyanyonya tena pamoja na chumvi. Kama huna muda huo, tia chumvi wakati ule ule unapoiweka motoni.

Kisha ikaushe kwa tishu za jikoni. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha steki ya kahawia yenye harufu tamu na nyama ya kijivu iliyochemka. Rangi ile ya kahawia huanza kutokea joto la juu ya nyama likifika karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Nyama ikiwa imelowa, joto linakwama pale maji yanapochemkia, ambapo ni nyuzi 100 kwa watu wa Mombasa na karibu 95 kwa wa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hivyo ukimwagia mchuzi wa viungo na kuitupa kwenye kikaangio, unachofanya ni kuichemsha.

Pasha kikaangio kizito hadi kitoe moshi kidogo. Tia kijiko cha mafuta ya kawaida, weka nyama, na uiache. Usiichokonoe. Dakika tatu upande mmoja, tatu upande mwingine.

Hapa ndipo jani linapoingia. Punguza moto. Tia kipande cha siagi cha takriban gramu 25, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa bila kumenywa, na tawi lako la rozimari au thaimu. Siagi iwe ya maziwa, si majarini ya kupaka mkate. Inamisha kikaangio siagi ikusanyike upande mmoja, uichote kwa kijiko na kuimwagia nyama tena na tena kwa dakika moja hivi. Ungeweka siagi na majani tangu mwanzo, siagi ingeungua, kitunguu saumu kingekuwa cheusi, na ule uchungu wa mwezi jana ungerudi.

Najua wengi wetu hatutaki kuona damu kwenye sahani. Hakuna tatizo. Ukishaipaka siagi, punguza moto zaidi, funika, uiache dakika nne au tano zaidi. Kama una kipimajoto cha jikoni, Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kifike nyuzi 63 katikati na kipumzike angalau dakika tatu. Nyama ya kusaga inahitaji nyuzi 71, kwa sababu vijidudu vya juu vimeshasambazwa kila mahali.

Ipumzishe dakika tano kabla ya kukata, kisha uikate ukienda kinyume na nyuzi zake.

Unachoma kwa makaa? Usibandike majani juu ya nyama, yataungua. Funga matawi mawili ya rozimari yawe kama brashi, chovya kwenye mafuta yenye chumvi na kitunguu saumu, uipake nyama ikikaribia kuiva. Ukimaliza, tupa matawi hayo kwenye makaa dakika ya mwisho. Moshi wake utafanya majirani waulize.

Sosi ya dania ya dakika tano

Waargentina, ambao kwa nyama ya ng'ombe hawachezi, hula nyama ya kuchoma na chimichuri: paseli iliyokatwa vidogo, oregano, kitunguu saumu, pilipili, siki na mafuta. Ukitazama vizuri, hiyo ni binamu wa kachumbari. Paseli haipatikani kwa kila mama mboga, lakini dania ipo kila kona.

Chukua fungu moja la dania. Usitupe mashina, kwani yana ladha nyingi. Yakate vidogo sana. Ongeza punje mbili za kitunguu saumu, pilipili mbichi moja, nusu kijiko cha chai cha oregano kavu, vijiko viwili vikubwa vya siki au maji ya ndimu, vijiko vinne vya mafuta, na chumvi. Koroga, acha dakika kumi, mwaga juu ya steki. Usisage kwa blenda hadi iwe uji, vipande vionekane.

Hapa usilete mzaha

Kwa kuwa dania hii huliwa mbichi, hakuna moto wa kuua uchafu. Na sote tunajua kuna mboga zinazonyunyiziwa maji taka kando ya mito mijini. Loweka kwenye maji safi, suuza majani kwa maji yanayotiririka, kisha uyakaushe. Ubao na kisu ulivyokatia nyama mbichi visiguse dania hadi vioshwe kwa sabuni. Kama nafasi ni finyu, kata majani kwanza, nyama baadaye.

Rozimari imepandwa kama ua la mapambo katika mitaa mingi Nairobi, na kishawishi cha kung'oa tawi ukipita ni kikubwa. Muulize kwanza mtunza bustani kama ua hilo hunyunyiziwa dawa ya wadudu. Lililo kando ya barabara yenye matatu na moshi, liache.

Jambo la tatu linawahusu zaidi mliozoea kuandaa vitu mapema, au kuuza mtandaoni: usiweke kitunguu saumu na majani mabichi ndani ya chupa ya mafuta na kuiacha kwenye rafu. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu wanapenda mahali pa namna hiyo. Sumu yao haina rangi wala harufu, na inaua. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku nne. Huna friji? Tengeneza ya kutosha mlo mmoja.

Bustani ya dirishani

Tawi moja la rozimari unalonunua leo linaweza kuwa la mwisho kununua. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, choma kwenye mkebe uliotobolewa chini wenye udongo uliochanganywa na mchanga. Weka penye mwanga. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Baada ya hapo inataka jua jingi na maji machache. Wengi huiua kwa kuimwagilia kila siku.

Dania ni rahisi zaidi. Zile mbegu za duka la viungo, kama hazijakaangwa, zisage kidogo zipasuke vipande viwili, zitawanye kwenye beseni kuukuu lenye udongo. Baada ya mwezi mmoja na kitu, unaanza kuchuma. Panda kidogo kila baada ya wiki tatu usije ukakosa.

Kwa hivyo mshahara ukiingia tena, iache ile kabati imefungwa. Chumvi, pilipili manga, siagi na tawi moja motoni, dania mezani. Steki ya kwanza ijaribu na rozimari, ya pili na thaimu, kila moja peke yake, ndipo ulimi wako utajua unachopenda. Ukishajua, hata mgeni akija ghafla hutahitaji video ya mtu.